Nakala Kwanza, Ukarabati Baadaye

Duka la picha pale Lanet mara nyingi hutegemea diski moja tu: arusi za Free Area, picha za pasipoti, makadeti siku ya kuhitimu katika Chuo cha Kijeshi cha Kenya. Diski ikianza kugoma, kompyuta ikaganda kila folda fulani inapofunguliwa, wengi hukimbilia chkdsk /r, amri ya Windows ya kukagua na kurekebisha diski. Hatua hiyo, ikitangulia kunakili, ndiyo humaliza picha.

Sekta ni kipande kidogo kabisa ambacho diski husoma au kuandika kwa mara moja: baiti 512 kwa diski za zamani, 4,096 kwa nyingi za sasa. Kila sekta hubeba misimbo ya kukagua makosa. Stima ikipotea katikati ya kuandika, misimbo na data huenda visipatane tena. Sekta huonekana mbovu ilhali sahani yenyewe inayobeba data ni nzima, na ikiandikwa upya hupona. Kichwa cha kusomea kikigusa sahani ni balaa nyingine: chembe zilizobanduka huzidi kukwaruza, na kila saa ya kazi huongeza uharibifu.

Utazitofautishaje? Soma ripoti ya SMART, yaani rekodi ya afya ambayo diski hujiwekea, kwa programu ya smartctl. Namba 5 huhesabu sekta zilizokwisha kubadilishwa na za akiba, 197 zile zinazosubiri uamuzi. Diski ikigonga-gonga, shuku kichwa: izime na umpelekee mtaalamu wa kuokoa data. Isipogonga, tafuta diski nyingine yenye nafasi ya kutosha na utumie ddrescue, programu huria ya Antonio Diaz Diaz.

Ustadi wake uko kwenye mpangilio. Kunakili kwa kawaida hung'ang'ania mahali pabovu huku kichwa kikizidi kuumia. ddrescue huparuka, hubeba kwanza palipo pazima, kisha hurudi kwenye mabaki. Kila hatua huiandika katika faili ya ramani, hivyo stima ikipotea usiku unaendelea ulipoachia:

ddrescue -d -n /dev/sdb nakala.img ramani.map

ddrescue -d -r3 /dev/sdb nakala.img ramani.map

Hakikisha sdb, jina ambalo Linux huipa diski, ndiyo diski mgonjwa, na faili zote mbili ziwe kwenye diski nzima. Amri ya pili hurudia mara 3 sekta zilizokataa. Ukarabati wa mfumo wa faili ufanyie nakala ya pili ya nakala.img, kamwe usiiguse ya asili.

Ukishaokoa kila kitu, unaweza kuijaza diski ya zamani sifuri ili sekta zilizosubiri ziamuliwe. Namba 5 ikiendelea kupanda baada ya hapo, itoe kazini.