Sikio la Mgongoni

Ukitaka kumjua daktari wa kifua aliyeiva, tazama anapoweka stetoskopu. Wengi hugusa kifua mara mbili tatu juu ya shati, wakaandika dawa. Aliyeiva humwomba mgonjwa avue shati na kugeuka, kisha hushuka mgongoni polepole mpaka chini kabisa ya mapafu, akatulia hapo.

“Vuta pumzi, mzee wangu. Vuta tena.”

Pumzi inapokaribia kujaa ndipo husikika milio myembamba ya kupasuka-pasuka, kama mkanda wa kunata wa kiatu cha mtoto unapobanduliwa. Mzee akikohoa, haipotei. Daktari anaanza kushuku kwamba tishu nyororo zinazozunguka vifuko vya hewa zinaota makovu. Hushika vidole, atazame kama ncha zimevimba na kucha zimepinda. Oksijeni ya mgonjwa aliyekaa inaweza kusoma vizuri tu. Mtembeze dakika 6 kwenye korido, uone inavyoporomoka.

Lakini mimi hasa navutiwa na maswali yake. Mwaka 1700 Bernardino Ramazzini, tabibu wa Italia, aliwasihi wenzake wamuulize kila mgonjwa anafanya kazi gani. Swali hilo lina uzito wake kwenye machimbo ya Mirerani, Tanzania. Wanaapolo, wachimbaji wa huko, huchoronga mwamba wakifuata tanzanaiti na kuvuta vumbi la silika, kisha huja wamekonda, wanakohoa, na kila mtu anawaza kifua kikuu. Makohozi hayaonyeshi vimelea, dozi ya miezi 6 inakwisha, kikohozi kiko palepale. Na ugumu unazidi, maana vumbi hilohilo hukifungulia mlango kifua kikuu chenyewe. Makovu ya vumbi na kifua kikuu vinaweza kukaa katika pafu moja.

Kwingine chanzo cha makovu ni njiwa wa uani, baridi yabisi, au vidonge vya moyo kama amiodaroni. Picha ya CT ya vipande vyembamba husaidia sana, ila hata hiyo husomwa vyema daktari wa kifua, msomaji wa picha na mtaalamu wa maungio wanapokaa meza moja na kubishana. (Foleni nje na ilalamike.)

Ubishi huo si anasa. Yapo makovu yanayotulizwa kwa steroidi. Kwa yale yasiyojulikana chanzo, utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 2012 ulionyesha kwamba waliopewa steroidi ya predinisoni pamoja na azathiopurini na dawa ya tatu walikufa zaidi ya waliopewa vidonge visivyo na dawa. Kabla ya hapo, madaktari wengi waliandika mchanganyiko huo kwa nia njema kabisa.