Karagwe Ipi? Maelezo ya Zana za Takwimu kwa Mawakala wa Akili Unde

Sensa ya mwaka 2002 iliikuta Wilaya ya Karagwe, mkoani Kagera, ikiwa na watu 425,476, na ile ya mwaka 2012 ikaikuta na watu 332,020. Anayeijua Kagera haoni ajabu katika tarakimu hizo, kwa kuwa mwaka 2012 upande wa kaskazini wa wilaya hiyo ulimegwa ukawa Wilaya ya Kyerwa, ambayo katika sensa ya mwaka huo ilihesabiwa peke yake na kuonekana ina watu 321,026. Eneo la zamani likichukuliwa zima, lilikuwa na watu 653,046, yaani idadi hiyo ilikuwa imeongezeka kwa zaidi ya nusu katika miaka 10. Wakala wa akili unde, yaani programu inayopokea swali kwa lugha ya kawaida kisha ikaamua yenyewe pa kutafuta jibu, hajui habari hizo asipoambiwa, na akipewa tarakimu mbili za mwanzo tu ataandika kwa ufasaha kwamba Karagwe ilipoteza zaidi ya moja ya tano ya watu wake.

Wakala huyo huzifikia data kwa zana, nazo ni vipande vya programu anavyoviita kwa jina, akavipa vigezo kama wilaya na mwaka, navyo vikamrudishia majibu. Katika itifaki ya Model Context Protocol, iliyotangazwa na kampuni ya Anthropic ya Marekani Novemba 2024, zana hutambulishwa kwa jina, kwa maelezo ya lugha ya kawaida na kwa orodha ya vigezo inavyovipokea. Kwa kawaida wakala haoni msimbo ulio ndani ya zana, hivyo maelezo hayo ndiyo karibu yote anayoyajua kuihusu. Maelezo yanayosema tu kwamba zana “hurudisha idadi ya watu wa wilaya” ni ya kweli, lakini hayatoshi. Yanayotosha yangesomeka hivi: “Hurudisha idadi ya watu waliohesabiwa wilayani siku ya sensa, kwa mipaka ya mwaka wa sensa hiyo. Haina makadirio ya miaka iliyo kati ya sensa mbili. Usilinganishe miaka kabla ya kuhakikisha kwamba wilaya haikugawanywa.”

Ugumu huzidi pale zana ya pili inapoingia. Takwimu za huduma za afya nchini Tanzania, zinazokusanywa chini ya MTUHA, yaani mfumo wa taarifa za huduma za afya, hutunzwa katika DHIS2, mfumo uliobuniwa Chuo Kikuu cha Oslo, ambao huhifadhi ngazi za utawala kama zilivyo sasa tu. Zahanati ikihamishwa katika mfumo huo kutoka wilaya moja hadi nyingine, takwimu zake za miaka ya nyuma huhama nayo, kwa hiyo jumla za wilaya hufuata mipaka ya leo hata kwa miaka ambayo mipaka hiyo haikuwapo. Sensa hutumia mipaka ya wakati wake, DHIS2 hutumia ya sasa, na zote mbili huliita eneo hilo Karagwe. Wakala akigawa idadi ya wagonjwa iliyotoka katika mfumo mmoja kwa idadi ya watu iliyotoka katika mwingine, anaweza kupata uwiano usio wa wilaya yoyote iliyowahi kuwapo, na hakuna ujumbe wa hitilafu utakaotokea, kwa sababu kila zana imefanya kazi yake sawasawa.

DHIS2 ina mengine yanayostahili sentensi zake. Kwa kawaida haihifadhi sifuri kwa kipengele cha data ambacho hakikuwekewa mpangilio wa kuihifadhi, hivyo nafasi tupu yaweza kumaanisha kwamba mgonjwa hakuwapo au kwamba taarifa haikuletwa, na maelezo yasiyosema hivyo humwachia wakala kukisia jambo linalohusu afya za watu. Kipindi nacho huandikwa kwa alama maalumu: 202207 ni mwezi wa Julai 2022, ilhali 2022July ni mwaka wa fedha unaoanzia mwezi huo.

Majina ya mahali pia yanadai uangalifu. Isingiro ni kata wilayani Kyerwa, na ng’ambo ya mpaka ni wilaya ya Uganda. Kagera ni mkoa na ni mto. Karagwe yenyewe, katika maandishi ya karne ya 19, ni ufalme uliotawaliwa na Rumanyika. Zana iliyoelezwa vizuri hudai jina pamoja na ngazi yake, na ikikosa jibu hairudishi orodha tupu, bali hueleza kwamba hakuna wilaya yenye jina hilo katika data zake ila ipo kata, na kuitaja wilaya ya kata hiyo.

Hata hivyo, maelezo hayawezi kubeba kila mgawanyo wa wilaya nchini, kwa kuwa urefu wake hula nafasi ya kumbukumbu ambayo wakala anaihitaji kwa kazi yenyewe. Mahali panapofaa zaidi kwa habari ya Kyerwa ni ndani ya jibu: kanuni ya jumla kuhusu mipaka ikae katika maelezo ya zana, na tanbihi kwamba Karagwe ya 2002 inajumuisha Kyerwa irudishwe pamoja na tarakimu 425,476, ikiwa imeandikwa na mtakwimu anayeyafahamu maeneo hayo.