Picha Hupimwa kwa Mtu wa Nyuma

Fundi mzuri wa projekta hakimbilii kushusha mashine garini. Anaingia ukumbini mikono mitupu, anakwenda mpaka safu ya mwisho, anakaa na kutazama mbele. Kwenye kumbi za Musoma, harusi au kipaimara kikijaza watu hadi mlangoni, safu hiyo ni ya waliochelewa, akina bibi waliosogezwa pembeni na watoto waliosimama juu ya viti. Picha hupimwa kwa ajili yao. Nauheshimu ufundi huu kwa sababu hesabu yake inaanza kwa mtu aliyekaa vibaya.

Hesabu yenyewe ni fupi. Kama kuna maandishi ya kusomwa, mtu wa mwisho asikae mbali zaidi ya mara 6 ya kimo cha picha. Akiwa meta 9 kutoka mbele, picha inataka kimo cha meta 1.5. Kwa umbo la 16 kwa 9, upana unakuwa kama meta 2.7, na hiyo ndiyo skrini ya inchi 120, ikipimwa kona kwa kona. Kisha futikamba inahamia kwenye mashine. Kila lenzi ina uwiano wake wa umbali kwa upana wa picha: yenye uwiano wa 1.5 hukaa meta 4 kutoka kwenye skrini hiyo, si popote palipo na meza tupu.

Hapo mwenye shughuli huja na ombi lake. "Kijana wangu, ukuta wote huu tunamwachia nani? Ikuze ijae."

Fundi aliyeiva habishani. "Mzee, nikiikuza itafifia," anasema, kisha anaikuza amwonyeshe. Picha ya upana wa meta 2.7 ina eneo la meta za mraba 4. Ukifika upana wa meta 4, eneo linakuwa meta za mraba 9, na mwanga ni uleule. Gauni la bibi harusi linageuka la kijivu, nyuso zinakosa uhai. Mzee anaona mwenyewe, na picha inarudi kwenye kipimo chake. Kujua kukataa ukubwa ni nusu ya ufundi.

Nusu ya pili ni unyoofu. Projekta ikiwekwa chini na kuinuliwa pua, picha hupanuka juu na kubana chini. Mashine ina kitufe cha kuinyoosha, lakini hunyoosha kwa kuibana picha ndani yake, na herufi zinapoteza ukali. Kwa hiyo fundi anatafuta meza inayofikisha lenzi karibu na usawa wa ukingo wa chini wa picha. Akiitundika darini, anaigeuza miguu juu. Anaweka pima maji mgongoni mwa mashine, anakunja karatasi na kuisukuma chini ya mguu mmoja, anarudi nyuma, anatazama, anaongeza mkunjo. Ukingo wa picha na ukingo wa skrini vinakutana. Hakuna mgeni atakayeitaja kazi hiyo, lakini ndiyo inayotuliza macho saa nzima.

Katika mabanda umiza ya Bunda, yale ya kutazamia mpira, adui ni mwanga wa mchana. Mechi ya saa 10 jioni huchezwa jua bado kali, na kila tundu la msumari kwenye bati ni taa. Projekta haiwezi kurusha weusi. Weusi wa picha ni sehemu ya skrini isiyopigwa na mwanga wowote. Ndiyo maana fundi haanzi kwa kununua mashine yenye nguvu zaidi. Anaziba matundu, anatundika turubai mlangoni, anaizungushia skrini mpaka mweusi, na ukingo wa chini anaupandisha juu ya vichwa vya walio mabenchi ya mbele.

Nje uwanjani, kule Butiama, jua ndilo linalopanga ratiba. Hapo hapajafika nyuzi 2 kusini mwa ikweta, hivyo mwaka mzima jua huzama kati ya saa 12:30 jioni na saa 1 hivi, na giza hufuata upesi. Anayetaka kuwaonyesha vijana hotuba za Mwalimu Nyerere katika kijiji alikozaliwa na kuzikwa, afunge skrini mapema, kamba kila kona. Upepo ukikishika kitambaa kinageuka tanga, na picha iliyopimwa vizuri inayumba na kupoteza ukali.

Ufundi huu ni wa siku nyingi. Kati ya 1935 na 1937, mradi wa sinema ulioongozwa na Meja L. A. Notcutt, wenye makao Vugiri katika Usambara, ulizungusha filamu kwa lori Tanganyika na nchi jirani. Filamu zilisema waliyoyataka wakoloni. Hata hivyo, kila jioni palikuwa na mtu wa kufunga skrini kwenye ardhi isiyo sawa, mbele ya watu ambao wengi wao hawakuwahi kuona sinema.

Basi anayekodi projekta leo ampe fundi muda. Amfungulie ukumbi mapema, amwonyeshe viti vitaishia wapi, akubali kuzima taa za mbele. Na bei isiishie kwenye mashine. Kipimo, unyoofu na giza ni kazi ya mtu, na kazi hulipwa.