Kona ya Mwisho wa Shamba: Jinsi Ndege za Jeshi Zilivyoangukia Kwenye Kilimo

Kuna ajali moja ambayo imeziandama ndege za kunyunyizia dawa kwa miongo mingi. Rubani anamaliza mstari, anainua pua ya ndege kuvuka miti ya mwisho wa shamba, kisha anailaza sana ubavu ili ageuke upesi. Ghafla bawa moja linadondoka. Ndege iko mita 50 tu juu ya ardhi, na nafasi ya kuiokoa haipo. Ni rahisi kusema rubani amekosea, yakaishia hapo. Lakini ajali ya namna hii huanza mapema zaidi, uwanjani, wakati wa kupakia dawa. Kwa nchi ya milima kama Mbeya na Iringa, jambo hilo lina uzito wa pekee.

Kilimo cha anga kilizaliwa mikononi mwa wanajeshi. Tarehe 3 Agosti 1921, karibu na Troy, Ohio, Luteni John Macready wa jeshi la Marekani alirusha Curtiss Jenny na kumwaga unga wa sumu juu ya miti iliyovamiwa na viwavi. Baada ya Vita Kuu ya Pili ya Dunia, ndege za mafunzo za Boeing-Stearman, zenye bawa la juu na la chini, ziliuzwa kwa bei ndogo na nyingi zikaingia mashambani. New Zealand walifanya vivyo hivyo kwa Tiger Moth, wakimwaga mbolea kwenye malisho. Kiti cha mbele kiling'olewa, tangi la dawa au mbolea likakaa mahali pake.

Ndege hizo zilikuwa imara na ziliweza kuruka polepole, sifa mbili ambazo kazi hii inazitaka. Kasoro zake zilijitokeza kwenye kona. Nguzo na nyaya zinazoshikilia mabawa hukinzana sana na hewa, hivyo kasi hupungua haraka rubani anapovuta usukani. Akigeuka, bawa la juu linamziba asione anakoelekea. Tangi la mafuta nalo limo ndani ya bawa hilo, mbele na juu ya kichwa chake.

Sasa tupige hesabu. Ndege ikilazwa nyuzi 60 bila kupoteza kimo, mabawa hubeba uzito mara mbili. Kasi ya chini kabisa inayoiweka hewani hupanda kwa asilimia 41. Ikiwa ni kilomita 90 kwa saa katika mruko ulionyooka, kwenye kona hiyo inakuwa takribani 127. Mzigo mzito wa dawa unaipandisha zaidi.

Tupeleke hesabu hiyo Mbeya mjini, kwenye kimo cha mita 1,700, mchana wa Oktoba wenye nyuzijoto 25. Hewa hapo ina takribani asilimia 79 tu ya uzito wa hewa ya kawaida ya pwani. Injini ya Stearman ya nguvu za farasi 220, isiyo na kifaa cha kusukuma hewa ya ziada, inabaki na kama 167. Kwa kipimo kilekile cha kasi kwenye dashibodi, mwendo halisi ni mkubwa kwa asilimia 13, na kona inahitaji eneo pana kwa zaidi ya robo. Rubani anaona ardhi ikikimbia chini yake na kuamini kwamba ana kasi ya kutosha, ilhali mabawa yako ukingoni mwa kushindwa.

Kanda hii inaijua kazi yenyewe. Bonde la Rukwa ni mojawapo ya mazalia makuu ya nzige wekundu, na mashamba ya mpunga ya Usangu hushambuliwa na kwelea kwelea. Ndege hao hunyunyiziwa jioni, wakishatua kulala, na saa hiyo rubani ana mwanga hafifu. Anayetoka uwanja wa juu kushuka Rukwa, kwenye mita 800 hivi, anakutana na hewa nzito zaidi bondeni. Kipimo cha mzigo wake lazima kitokane na uwanja wa kuondokea, na pia mteremko atakaoupanda akirudi.

Dawa ya tatizo inajulikana. Stearman nyingi zilifungwa injini za nguvu za farasi 450. Tarehe 1 Desemba 1950, Marekani, iliruka Ag-1 ya mhandisi Fred Weick, iliyobuniwa kwa ajili ya kilimo tangu mwanzo: bawa moja la chini, rubani ameketi juu aone vizuri, na umbo la kumkinga ndege ikigonga ardhi.

Ndege nzuri pekee haitoshi. Kabla ya kila mruko, mwendeshaji aandike kwenye karatasi kimo cha uwanja, joto la saa hiyo na uzito wa dawa, kisha apunguze mzigo kulingana na hesabu. Rubani apewe muda wa kugeuka kwa kona pana, na aruhusiwe kumwaga mzigo wote mara anapohisi ndege inalegea, bila kukatwa mshahara. Mchunguzi wa ajali naye aanze kwa kuitafuta karatasi hiyo. Isipokuwepo, basi aliyeruhusu ndege iondoke ana maswali ya kujibu kabla ya marehemu kulaumiwa.