Dakika Nne Bila Picha

Umeme ukikatika dakika ya 70 katika kibanda cha mpira, jenereta inaweza kuwaka ndani ya nusu dakika. Picha hairudi nayo. Projekta nyingi zinazotumika vibandani ni za taa ya zebaki, na taa ya namna hiyo ikizimika ghafla ingali ya moto haikubali kuwaka tena mpaka ipoe. Hapo hesabu dakika mbili, tatu, pengine zaidi. Dekoda nayo inaanza upya: inajiwasha, inatafuta mawimbi, inasoma kadi. Kwa jumla watu 200 au 300 wanakaa gizani kama dakika nne, mechi inaendelea Anfield bila wao, na hakuna aliye ndani anayejua kama fundi anahangaika na waya au ameshaondoka na kiingilio.

Vurugu nyingi za maonyesho ya mpira huzaliwa katika pengo la aina hiyo. Mwandalizi amenunua picha: projekta, dekoda, kitambaa cheupe, spika mbili. Kila shilingi imekwenda kwenye kile kinachoonekana mambo yakiwa mazuri. Kwa dakika ambazo picha haipo hakununua kitu, na kwa safari ya kutoka nje hakununua kitu kabisa.

Chukua senta kama Kuluva nchini Uganda, kusini mwa Arua kwenye barabara ya Nebbi. Wageni huijua kwa hospitali yake ya misheni. Siku ya mechi kubwa senta ya aina hii inakusanya vijana wa vijiji vya jirani, waendesha boda boda, wachuuzi, na madereva wa malori wanaoelekea Arua, Koboko, Congo au Sudan Kusini. Wengi wana mkeka wa kubeti mfukoni. Hili la kubeti wachambuzi wa mambo ya usalama hulipuuza, na sijui kwa nini, maana mtu aliyeweka elfu ishirini kwenye timu nne hatazami mpira kama mtu aliyekuja kuburudika. Picha ikikatika, yeye anahisi kwamba hela yake inachezewa mahali asipoona. Halafu kuna simu. Kibanda kikirusha mechi kwa intaneti badala ya dishi, picha inaweza kuchelewa nusu dakika au zaidi nyuma ya uwanja, na programu ya kubeti inampa mwenye mkeka matokeo kabla ya skrini. Mmoja anapiga kelele ya bao ambalo wenzake hawajaliona. Wa nyuma wanasimama, wa mbele wanageuka, benchi linaanguka.

Kwa West Nile, eneo la Arua na jirani zake, tatizo la umeme lina historia yake. Kwa miaka mingi eneo hili halikuwa kwenye gridi ya taifa. Kampuni ya WENRECo ilitegemea jenereta, kisha bwawa dogo la Nyagak la megawati 3.5 lililoanza kazi mwaka 2012, na mgao wa saa ulikuwa jambo la kawaida. Laini kubwa ya kutoka Lira kupitia Gulu na Nebbi ilifika Arua mwaka 2024. Hali imebadilika, lakini mwenye kibanda asiweke mipango yake juu ya laini ya mamia ya kilomita inayopita kwenye radi na upepo wa Kaskazini. Dawa ya zile dakika nne ni ya bei ndogo kuliko projekta yenyewe: betri ya akiba ya aina ya UPS, ambayo mafundi wa kompyuta mjini Arua wanaijua vizuri. Projekta ya wati 300 na dekoda ndogo zinabebwa na UPS ya kVA moja kwa dakika kadhaa, muda wa kutosha mtu kuvuta kamba ya jenereta bila taa ya projekta kuzimika hata kidogo. Kama hela haitoshi, basi betri ibebe vitu viwili tu, taa moja ya mlangoni na kipaza sauti. Mimi ningeanza na kipaza sauti. Mtu akisikia, “Umeme umekatika, picha inarudi baada ya dakika nne, isiporudi kiingilio kitarudishwa mlangoni,” anakaa. Mtu asiyesikia kitu anasimama ili ajue, na akisimama mmoja wote wanasimama.

Sauti hiyo lazima iwe ya mtu anayejua ukumbi una njia ngapi. Uganda ililipia somo hili usiku wa mwaka mpya wa 2023, Freedom City, Namasuba, kwenye barabara ya Entebbe. Kwa maelezo ya polisi, mshereheshaji aliwahimiza watu watoke nje watazame fataki. Walitoka. Fataki zilipokwisha watu wakasongamana kwenye njia nyembamba, wakakanyagana, na watu 10 wakafa, wengi wao watoto na vijana. Halikuwa onyesho la mpira, lakini mtambo wake ni uleule: umati mmoja, njia moja, na kipaza sauti kilichoamuru mwendo bila kuuliza mwendo huo utapita wapi.

Sasa tuje kwenye mlango, maana hapa ndipo akili ya biashara inapogombana na akili ya usalama. Kibanda cha kawaida kina mlango mmoja kwa sababu ya kiingilio. Ukiwa na mlango mmoja unahitaji mtu mmoja wa kupokea hela, na hakuna wa kuzamia. Mlango wa nyuma, ukiwepo, umefungwa kwa kufuli, na mbele yake pamepangwa benchi la watu wanane. Tufanye hesabu. Ukumbi wa mabati wa mita 8 kwa 12 una mita za mraba 96. Ondoa meza ya projekta na nafasi iliyo chini ya skrini, unabaki na 85 hivi. Weka watu 300, inakuwa watu watatu na nusu kwa kila mita ya mraba. Wako karibu sana, ila bado wanapumua. Mwongozo wa viwanja wa Uingereza uitwao Green Guide, uliotolewa mara ya kwanza mwaka 1973 baada ya maafa ya Ibrox, unaruhusu watu wanaosimama 47 kwa mita 10 za mraba na hapo unakomea. Wataalamu wa umati wanakubaliana kwamba ukipita watu watano kwa mita moja ya mraba, mtu hatembei tena kwa miguu yake, anabebwa na umati.

Kwa hiyo ndani ya ukumbi wetu bado kuna nafuu. Balaa liko kwenye kutoka. Mwongozo huohuo unakadiria kwamba upana wa mita moja ya njia tambarare hupitisha watu 82 kwa dakika, wakitembea bila kusukumana. Mlango wa sentimita 80 utapitisha 66 hivi. Watu 300 wanahitaji zaidi ya dakika nne na nusu, na hiyo ni kwa watu watulivu, mwangani, mlango ukifunguka kwa nje, bila jenereta wala pikipiki mbele yake. Kibanda cha mabati na maturubai kikishika moto hakikupi muda huo. Toboa mlango wa pili na uipe yote miwili upana wa mita 1.2: watu wale wale wanatoka kwa dakika moja na nusu. Gharama yake ni bawaba, komeo la ndani, na mshahara wa usiku wa kijana mmoja wa kusimama hapo.

Waya nao una mahali pake katika hesabu hii. Aprili 20, 2017, mjini Calabar, Nigeria, waya wa umeme mkubwa ulianguka juu ya ukumbi ambamo mashabiki walikuwa wakitazama Manchester United na Anderlecht, na watu wasiopungua 7 walikufa. Kabla ya kujenga kibanda, mtu atazame juu. Ni jambo la dakika moja na halina gharama.

Maonyesho ya uwanjani, yale ya skrini kubwa kwenye kiwanja cha shule au cha soko, yanaonekana salama kwa kuwa hakuna kuta. Torino, Italia, ilionyesha vinginevyo. Juni 3, 2017, Juventus walicheza fainali ya Ligi ya Mabingwa na Real Madrid mjini Cardiff, na manispaa ya Torino ikaweka skrini kwenye uwanja wa San Carlo katikati ya mji. Walikuja watu kama 30,000. Mahali hapo pana majumba pande zote na katikati kuna njia za kushukia maegesho ya magari ya chini ya ardhi. Wachuuzi waliingiza bia za chupa. Baada ya bao la tatu la Real, hofu ikalipuka: genge la vijana lilikuwa limepuliza dawa ya pilipili ili liibe mikufu ya dhahabu, na watu wakadhani ni shambulio. Umati ukafunguka kama maji, ukajikusanya tena, ukakimbia juu ya vioo vilivyovunjika. Zaidi ya watu 1,500 waliumia, wengi kwa kukatwa na chupa. Wanawake wawili walikufa baadaye kwa majeraha ya usiku ule.

Angalia jinsi lawama ilivyogawanywa, maana hapo ndipo pana uchambuzi. Vijana wa pilipili walipewa vifungo vya zaidi ya miaka 10. Lakini meya wa mji, Chiara Appendino, naye alipatikana na hatia mwaka 2021 katika mahakama ya kwanza, akapewa kifungo cha mwaka mmoja na nusu. Upande wa mashtaka ulishikilia maandalizi: muda mfupi, njia za kutoka, chupa zisizopigwa marufuku. Siku chache baada ya mkasa, mkuu wa polisi wa Italia alitoa waraka ulioeleza wazi kwamba kumzuia mhalifu ni kazi moja na kuulinda umati dhidi ya umati wenyewe ni kazi nyingine, na kila moja iwe na mpango wake.

Hapa kwetu kazi hizo mbili zimechanganywa tangu Julai 11, 2010. Usiku ule wa fainali ya Uhispania na Uholanzi, mabomu ya Al-Shabaab yalilipuka mgahawa wa Ethiopian Village, Kabalagala, na klabu ya raga ya Kyadondo, ambako watu walikuwa mbele ya skrini kubwa na dakika 90 zikielekea ukingoni. Zaidi ya watu 70 walikufa. Tangu hapo “usalama” wa onyesho la mpira Uganda una maana moja, kupekua watu mlangoni. Ni haki kabisa, na anayeona ni usumbufu akumbuke Kyadondo. Ila upekuzi wa askari mmoja mwenye kile kifimbo cha kugundua chuma unapunguza mlango kuwa tundu. Ukimpa kila mtu sekunde 10, unapitisha watu 6 kwa dakika, 360 kwa saa. Onyesho la watu 1,000 linataka karibu saa tatu za foleni moja, na watu wa kwetu hufika dakika ishirini kabla ya mpira kuanza. Kitakachotokea kila mtu anakijua: filimbi inapigwa, nje kuna watu 600, wanasikia spika wala hawaoni skrini, wanasukuma, na uzio wa mianzi unalala. Msongamano huo ulioko nje ya uzio haujapekuliwa, kwa hiyo hata lile lengo la kwanza la kupekua limepotea. Dawa yake ni mistari mitano ya kupekua badala ya mmoja, na kufungua mapema, kwa mfano kwa mechi ya mtaa alasiri, ili watu wawe na sababu ya kuwahi.

Umati wa skrini huongezeka pia kwa maamuzi yanayofanywa mbali. Agosti 2025, wakati wa CHAN, mashabiki walivunja mageti ya Kasarani, Nairobi, na CAF ikaagiza mechi ya Kenya iuziwe tiketi 27,000 tu katika uwanja wa viti 48,000. Maelfu waliobaki bila tiketi hawakwenda kulala. AFCON ya 2027 imepewa Kenya, Tanzania na Uganda kwa pamoja, na mtu wa Koboko aliyekosa nauli ya kwenda uwanja wa Namboole atatafuta skrini ya karibu. Pale mpakani umati utakuwa wa Walugbara, Wakakwa, Wanubi, na watu waliovuka kutoka upande wa Congo. Tangazo la dharura lisomwe kwa Kiswahili kwanza, kisha kwa lugha ya mahali.

Kwenye kiwanja kilicho kando ya barabara, jambo la kwanza kuamua ni skrini itazame wapi. Mwandalizi anayetaka kuvuta wateja huigeuza ielekee lami, na saa hiyo hiyo ameigeuza lami kuwa jukwaa. Watu wasiolipa wanasimama barabarani, boda boda zinaegeshwa mistari mitatu, na dereva wa lori anayetoka Pakwach anakuta umati gizani baada ya kona. Skrini iipe barabara mgongo. Ukingo wake wa chini uwe juu ya kichwa cha mtu mrefu aliyesimama, kama mita mbili, kwa sababu skrini ya chini inawafanya wa nyuma wasogee mbele, na msukumo huo hauonekani mpaka mtoto wa mstari wa kwanza ameshabanwa kwenye nguzo. Jenereta ikae upande usio na mlango, moshi wake uelekee nje.

Yote haya polisi na mwenyekiti wa kijiji (LC1) wanaweza kuyakagua, na mara nyingine hukagua: wanakuja saa nne asubuhi, ukumbi ni mtupu, milango yote iko wazi, karatasi ziko sawa. Waje usiku kipindi cha pili kikiwa kimeanza, waulize ufunguo wa kufuli la mlango wa nyuma uko kwa nani, kisha watazame saa mpaka huyo mtu apatikane.