Nafasi Saidizi na Haki ya Kusema: Djimon Hounsou katika Filamu za Marekani

1.0 Utangulizi

Uhakiki wa filamu umezoea kumpima mwigizaji wa nafasi saidizi kwa hesabu: ameonekana katika filamu ngapi na ameteuliwa kuwania tuzo mara ngapi. Hesabu hiyo inaliacha swali linalowahusu zaidi wanaisimu na wanafasihi, yaani mhusika wake amepewa kusema nini, na wakati gani. Makala hii inalichunguza swali hilo kupitia kazi za Djimon Hounsou, mzaliwa wa Cotonou, Benin (1964), aliyehamia Ufaransa angali kijana mdogo, akapata kuishi bila makazi jijini Paris, akawa mwanamitindo, kisha akaingia katika filamu za Marekani. Inadaiwa hapa kwamba wahusika wake wengi huitwa wasaidizi si kwa sababu ya udogo wa nafasi yao katika kisa, bali kwa sababu ya mipaka iliyowekewa usemi wao.

2.0 Uzito wa kisa na uchache wa maneno

Katika Amistad (1997) ya Steven Spielberg, Hounsou anaigiza Cinqué, kiongozi wa mateka waliouteka meli mwaka 1839. Bila yeye hakuna kesi wala filamu. Sehemu kubwa ya usemi wake ni Kimende, lugha ya Sierra Leone ambayo mwigizaji huyu wa Benin alilazimika kujifunza. Anapoinuka mahakamani na kudai uhuru kwa Kiingereza alichookoteza, sentensi yake haina sarufi kamili, na nguvu ya tukio inatokana na upungufu huohuo. Hata hivyo, hotuba ndefu ya kuhitimisha kesi ni ya John Quincy Adams, aliyeigizwa na Anthony Hopkins. Waandaaji wa Golden Globe walimteua Hounsou kama mwigizaji mkuu. Kwa upande wa Oscar, aliyeteuliwa ni Hopkins, katika nafasi saidizi, na Hounsou hakuteuliwa. Kwa hiyo, ukuu na usaidizi ni uamuzi wa taasisi, si sifa ya matini peke yake.

Gladiator (2000) inaonesha uwezekano mwingine. Juba ana maneno machache, lakini ndiye anayebaki hai baada ya shujaa kufa, na maneno ya mwisho ya filamu ni yake.

Blood Diamond (2006) ya Edward Zwick ndiyo inayodhihirisha tatizo kwa uwazi zaidi. Solomon Vandy ni mvuvi wa Sierra Leone anayemtafuta mwanawe aliyegeuzwa askari mtoto. Almasi anayoisaka mlanguzi Danny Archer imefichwa na Solomon. Safari yote inategemea shabaha yake. Hata hivyo, Leonardo DiCaprio aliteuliwa kuwania Oscar kama mwigizaji mkuu, na Hounsou kama msaidizi. Mwishoni, Archer anayekaribia kufa anapewa muda wa kuaga kwa simu. Solomon anaingia katika mkutano wa kimataifa kutoa ushahidi, ukumbi unasimama na kumpigia makofi, na filamu inakwisha kabla hajatamka neno.

3.0 Hoja kinzani

Inaweza kudaiwa kwamba ukimya huo ni mbinu ya kisanaa, na kwamba uso wa Hounsou unasema kuliko hotuba. Dai hili lina ukweli: umahiri wake wa kuigiza kwa mwili hauna shaka. Lakini ukimya una hadhi pale mhusika anapouchagua. Solomon amekwenda pale ili aseme. Aliyemnyamazisha ni mhariri wa picha.

4.0 Hitimisho

Afrika Mashariki haiko nje ya mjadala huu. Katika Lara Croft Tomb Raider: The Cradle of Life (2003), sehemu ya kisa imewekwa katika eneo hili, na Hounsou anaigiza Kosa, mwenyeji anayemwongoza mgeni. Mwaka 2018 alitoa filamu ya hali halisi kuhusu voduni nchini Benin, akiiongoza mwenyewe. Hapo ndipo uteuzi wa nani aseme ulipokuwa mikononi mwake.

Kwa watunga sera, funzo ni mahususi. Nchi zinapotoa vibali kwa watayarishaji wa kigeni, mazungumzo hujikita katika ajira na mapato. Ni vyema masharti yaguse pia usemi: mshauri wa lugha ahusishwe wakati mswada ungali unaandikwa, si siku ya kupiga picha, mfasiri atajwe kwa jina katika orodha ya washiriki, na mhusika anayezungumza Kiswahili aandikiwe Kiswahili cha mahali anapotoka. Masharti hayo hayatamfanya kila msaidizi kuwa mhusika mkuu, lakini yatampa mwigizaji matini ya kufanyia kazi pale zamu yake ya kusema inapofika.