Kiminini: Planta Iliingiaje Siku Ile?

Shamba lile la kando ya barabara ya Kitale–Webuye, ukishaipita Kiminini, mmeliona wote mliopanda matatu mwezi wa nne. Mistari imenyooka vizuri, halafu ghafla hatua sita za udongo mtupu, mahindi kidogo, udongo tena. Abiria walishatoa hukumu dirishani: mbegu feki. Siikubali. Mbegu ile ilikuwa nzima, na iliuawa na uamuzi wa asubuhi moja.

Kazi ya kabla yake ilikuwa safi: walilima Januari, wakapiga haro mara mbili, mbegu yenye lebo ya KEPHIS, nafasi 75 kwa 25.

Sasa asubuhi yenyewe. Usiku ilinyesha ile ya kwanza, yenye radi nyingi na maji machache. Kulipokucha vumbi limetulia, udongo unanukia, majirani wanaulizana nani ataanza, na planta ikaingizwa shambani. Hakuna aliyechimba. Angechimba hata kwa panga angeona vidole vitatu vya unyevu juu, na chini yake vumbi la Februari halijaguswa. Planta ilikuwa imepimwa kuweka mbegu sentimita tano, yaani pale pale unyevu unapoishia. Kisha jua likawaka, siku baada ya siku, hadi na kile kidogo cha juu kikaondoka.

Mnaojua kilimo mnajua kinachofuata, lakini nitakisema kwa sababu mwenye trekta haonekani kukijua. Punje ya mahindi hutoka mfukoni na unyevu wa asilimia 13 hivi. Ili iote, hunywa hadi maji yafikie kama theluthi ya uzito wake. Kunywa huko kwa mwanzo hakuhitaji uhai. Hata punje iliyokufa huvimba. Baadaye ndipo vimeng'enya huamka, wanga ukageuka sukari, kiini kikaanza kuvuta oksijeni kwa nguvu, na mzizi wa kwanza ukatoboa ganda. Kabla ya mzizi kutoka, punje ikikauka bado inaweza kusubiri mvua nyingine. Ukishatoka, punje haina njia ya kurudi nyuma: ipate maji au ife. Shamba lile lilipewa maji ya kuanzia bila ya kumalizia.

Ushahidi uko palepale. Mapengo hayakufuata mistari ya planta wala mfuko mmoja wa mbegu, yamefuata umbo la ardhi. Kwenye vibonde, maji yalikotuama, mahindi yamesimama. Kwenye miinuko hakuna kitu. Mbegu feki haichagui bonde. Na ukichimbua pengoni unaikuta punje imevimba, na kamzizi kafupi kalikokauka rangi ya kahawia. Punje iliyokuwa mfu tangu dukani haitoi mzizi.

Joto halikuwa na kosa. Chini ya nyuzi 10 hivi mahindi hulala tu, lakini Machi, hata kwenye mita 1,900 za Kitale, udongo una joto la kutosha. Hewa nayo ilikuwepo tele, haro ilihakikisha. Mwanga mahindi hayauhitaji ili yaote. Katika masharti yote ya kuota, lililokosekana ni moja, tena ndilo pekee ambalo mtu angeweza kulipima kwa mkono wake.

Wanaopanda kavu nimegombana nao hapa kila msimu, na sijawasamehe. Lakini wao wana hoja: katika vumbi tupu punje hainywi, kwa hiyo haianzi, inakaa ikiwasubiri panya, chungu na mvua. Mwaka 2019, kimbunga Idai kilipoipiga Beira katikati ya Machi na mvua ndefu zikachelewa kwetu, mbegu zao zilikaa ardhini muda mrefu, na wengi walipata hasara. Hata hivyo vumbi kamili ni afadhali kuliko unyevu nusu. Bwana wa Kiminini alichagua kibaya kuliko vyote.

Akaongeza DAP mdomoni mwa mbegu. Kwenye udongo uliolowa, mbolea huyeyuka na kutawanyika. Kwenye udongo unaokauka, chumvi yake hushindana na punje kwa maji machache yaliyopo, na amonia huunguza mzizi. Vidole viwili vya udongo kati yao vingetosha.

Najua haraka hii ilitoka wapi. Kitale ndiko Michael Harrison na wenzake walikozalisha H611, iliyotolewa mwaka 1964 kutokana na Kitale Synthetic na mahindi ya Ecuador. Kitale hiyo hiyo A. Y. Allan alionyesha kwamba anayechelewa kupanda baada ya mvua kuanza hupoteza mavuno, na kwamba utunzaji mzuri wa shamba unaweza kushinda mbegu bora na mbolea zilizowekwa kwenye shamba baya. Wale walikuwa watafiti! Walipima, hawakunusa. Sisi tumeshika nusu ya somo lao, neno "mapema", tukaacha "mvua kuanza". Radi moja si mvua kuanza.

Halafu wakapandia mapengo. Mahindi ya mapengoni yatafunikwa kivuli na wakubwa wao na kuzaa vigunzi visivyofaa hata kuchoma. Pale kwenye miinuko ilipasa kupiga haro upya na kupanda upya.

Mbegu feki zipo, na wanaoziuza wafungwe. Lakini tuhuma hiyo ina kipimo: mbegu ya mahindi iliyothibitishwa hutakiwa kuota angalau asilimia 90, na punje 100 katika kitambaa kibichi zitakupa jibu ndani ya wiki moja. Wenye maduka ya pembejeo pale Kiminini, akija mteja na lawama, msibishane naye kaunta. Mwambieni awapeleke shambani na jembe, mchimbue pengo moja pamoja.